Mgeni wa Bwawa la Nne

Mama Pacha alilinusa lile shati mara ya tatu, akalishusha, akautazama ukuta kama mtu aliyesahau alichokuwa akitafuta, kisha akalinusa tena.

Haikuwa harufu ya jasho. Jasho la mumewe alikuwa amelifua miaka ishirini na sita, analijua. Wala haikuwa ya samaki. Samaki ndio kazi yake. Kila siku ya Mungu aliamka alfajiri kwenda kwenye banda la samaki, akaketi mbele ya ubao wake, akapaa magamba na kutoa matumbo ya samaki wa watu mpaka mchana, na kama kulikuwa na pua ya kumtenga perege wa leo na wa jana, ilikuwa pua yake. Marashi? Wapi! Hii ilikuwa harufu nzito, ya kitu kibichi kilichochacha, na ilikuwa imekaa kwenye mkono wa shati na kugoma kutoka hata baada ya sabuni mara mbili.

"Mwanamke gani huyu," alisema peke yake pale uani, "ananuka hivi na bado anapendwa?"

Kesho yake akamweleza Bi Karai. Bi Karai alikuwa shoga yake na jirani yake pale bandani. Mmoja akipaa, mwingine anakaanga, na maneno yanapita katikati yao siku nzima.

"Na mikwaruzo anayo," Mama Pacha aliendelea, kisu kikikwangua magamba kwa hasira. "Hapa, juu ya kiganja. Vitobo vidogo vidogo, vimejipanga."

"Mikwaruzo!" Bi Karai aliacha upawa ndani ya mafuta. "Mwenzangu, huyo si mwanamke, huyo ni paka."

"Cheka tu."

"Sicheki. Nyumbani anaongea?"

Mama Pacha aliweka kisu chini. Hapo ndipo palipokuwa na kidonda. "Juzi nilihesabu. Tangu alipoingia jioni mpaka alipotoka asubuhi, maneno tisa. Moja lilikuwa 'chumvi'."

"Basi mengine anayamalizia kwingine," alisema Bi Karai, akageuza samaki wake.

Si kwamba nyumba ile ilikuwa ya ugomvi. Pacha walipokuwa wadogo ilikuwa na kelele kama soko, na Baba Pacha ndiye aliyekuwa mpiga hadithi mkuu. Kisha pacha wakakua, wa kiume akapata kazi mbali, wa kike akaenda kwa mumewe, na wale wawili wakabaki wakipishana mlangoni, mmoja anatoka na ndoo ya pumba, mwingine anaingia na ndoo ya magamba. Hakuna aliyemkosea mwenzake. Maneno tu yalipungua, kidogo kidogo, mpaka yakafika tisa.

Siku hiyo Mama Pacha alimaliza kazi mapema. Alijifunga kanga, akashika njia ya kwenye mabwawa. Kisu chake cha kupaa kilikuwa bado mkononi. Si kwa nia mbaya, alijiambia. Mkono tu umezoea.

Mabwawa yalikuwa sita, mali ya chama cha ushirika, na Baba Pacha ndiye aliyeyatunza. Aliwalisha samaki, akabadilisha maji, akafukuza ndege, na kwa amri ya Mwenyekiti wa chama aliua kila nyoka aliyeonekana, maana nyoka hula vifaranga wa samaki. Mama Pacha alijibanza nyuma ya banda la pumba. Mumewe alikuwa kwenye bwawa la nne, amekalia ndoo iliyopinduliwa, uso ameuelekeza kwenye mti ulioinamia maji.

"Umeamka salama leo?" alisema Baba Pacha.

Na kwa sauti gani! Sauti ile Mama Pacha aliisikia mara ya mwisho pacha wakiwa na meno ya utoto. Damu ilimchemka. Alitazama mtini kumtafuta huyo mwanamke, akashangaa kidogo, maana mtu mzima gani anapanda mti saa sita mchana? Hapakuwa na mtu. Palikuwa na tawi moja la chini, nene, la rangi ya tope. Kisha nusu ya tawi ikasogea.

Alikuwa nyoka. Mnene kama kifundo cha mkono, wa kahawia, na mistari ya kahawia iliyokolea ikimzunguka mwilini na kufifia kuelekea mkiani. Alikuwa amejilaza anaota jua. Mwewe alipita juu, na kivuli kilipomgusa tu, nyoka akakipanua kichwa chake kikawa bapa, akajiangusha majini: chubwi!

"Mwoga wewe," Baba Pacha alicheka. "Unajitia una sumu, na huna hata tone."

Baada ya muda kichwa kikaibuka, macho na pua tu juu ya maji, halafu kikazama tena. Alipotokea mara ya pili alikuwa na samaki amemshika mbavuni. Alimgeuza, akamgeuza, mpaka kichwa cha samaki kikaingia kinywani.

"Kichwa kwanza," alisema Baba Pacha kwa fahari, kama mzazi kwenye mtihani wa mtoto. "Ndiyo. Ili mapezi yasikukwame."

Mama Pacha karibu acheke. Mungu wangu, nyoka! Alirudi njiani mwepesi, kisu anakipunga. Lakini hajafika hata kwenye njia panda, wepesi ule ulikuwa umemwisha. Kwani wale vifaranga wa nani anaowaacha waliwe? Na ile sauti? Na kile kicheko? Angekuwa mwanamke, angejua pa kuanzia. Angemfuata mpaka mlangoni, angemwita majina yote, majirani wangetoka na dunia ingemwelewa. Lakini utasimama mbele ya nani useme, mume wangu kaniacha kwa ajili ya nyoka?

"Enhe?" Bi Karai alimuuliza kesho yake. "Umemwona?"

"Hakuna kitu," alisema Mama Pacha. Ilikuwa mara ya kwanza kumficha Bi Karai jambo.

Alirudi nyuma ya banda la pumba siku ya pili, na ya tatu, na ya nne. Wivu ulimla hasa. Alimsikia mumewe akisema, "Macho yako yameanza kuwa ya maziwa, wiki hii utajivua gamba," na akakumbuka kwamba yeye mwenyewe jicho lake lilikuwa jekundu siku nane kwa kurukiwa na gamba la samaki, na mumewe hakuona. Alimsikia akisema, "Polepole, hali yako hairuhusu haraka." Alimwona akiingia majini mpaka magotini kumtoa nyoka kwenye wavu uliomnasa, nyoka akamuuma mara tatu na kumnyunyizia uchafu wake wenye harufu ile ya shati, na yeye akavumilia, anambembeleza. Mara ya mwisho Baba Pacha kumbembeleza mkewe ilikuwa lini? Mama Pacha alijaribu kukumbuka, akaacha.

Siku ya tano ndiyo iliyoharibu kila kitu.

"Nina siri," Baba Pacha alisema, amekaa kwenye ndoo yake, kofia amevua. "Nisipoisema nitapasuka. Mwanangu kanipigia simu. Ana mimba." Akajifuta uso kwa kofia. "Nitakuwa babu, mwenzangu. Kaniambia nisimwambie mama yake mpaka miezi mitatu itimie, maana mama yake hana breki, banda zima la samaki litajua kabla ya saa nne. Ni kweli hana. Basi nimekwambia wewe. Wewe na yeye, sijui nani atatangulia kujifungua."

Nyoka alikuwa amelala kwenye tawi lake, tumbo limejaa, hata hakugeuka.

Mama Pacha hakumbuki alifikaje ofisini kwa Mwenyekiti. Anakumbuka kwamba feni ilikuwa inazunguka na Mwenyekiti alikuwa anachonga penseli. Alikuwa anajua jambo moja tu: nyoka amejua habari za mjukuu wake kabla yake. Nyoka!

"Kuna joka bwawa la nne," alisema, hata hodi hakupiga. "Na Baba Pacha anamwona, na hamuui."

Mwenyekiti aliinua miguu yote miwili juu ya kiti. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye kuogopa nyoka hata wa kwenye picha. "Ana sumu?"

Hapo Mama Pacha alikuwa na nafasi ya kusema alichokisikia kwa masikio yake. Badala yake akasema, "Kichwa chake bapa."

"Ee! Basi ana sumu." Mwenyekiti alitazama chini ya meza. "Sitasema nani kaniambia. Kesho saa nne nataka kumwona amekufa, kwa macho yangu. La sivyo Baba Pacha aache funguo za mabwawa hapa mezani aende zake."

Habari ya funguo Mama Pacha hakuwa ameifikiria. Alifungua mdomo, lakini Mwenyekiti alikuwa tayari anamwita tarishi.

Jioni ile Baba Pacha aliingia nyumbani kabla ya wakati wake. Hakuvua kofia. Alikaa, akasukuma kikombe mbali.

"Mama Pacha," alisema. "Kuna mtu kanichoma kwa Mwenyekiti."

Akaanza kuongea. Jamani, aliongea! Alieleza tangu siku ya kwanza alipomwona nyoka yule kwenye tawi na kuinua panga, na mkono ukakataa. Alieleza kwamba hana sumu kabisa, ana meno tu, madogo, yaliyoelekea nyuma ili samaki asiponyoke. Akishikwa huuma na kutoa harufu mbaya, kwa sababu hana silaha nyingine. Kwamba anakula samaki wagonjwa na wazembe kwanza, ndiyo maana bwawa la nne halijapata ugonjwa msimu mzima. Mama Pacha alijaribu kuhesabu maneno, akapotea yalipofika mia mbili. Alikuwa ameketi mbele ya mumewe anayemtazama usoni na kuzungumza naye, jambo alilolitamani mwaka mzima, na kila neno lilikuwa linamchoma kwa sababu alijua limeletwa na nini.

"Na ana mimba," alisema Baba Pacha. "Huyu hatagi mayai. Anawabeba tumboni mpaka wawe nyoka kamili, wanazaliwa hai, ishirini, thelathini, na siku hiyo hiyo kila mmoja anashika njia yake. Hawanyonyi, hawalelewi."

"Hata siku moja?"

"Hata moja. Mama yao anageuka, anakwenda zake."

Mama Pacha alitazama viti viwili vitupu vya pacha, ambavyo hakuna aliyewahi kuviondoa pale mezani.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza, na kwa kweli aliuliza kwa uchungu.

"Nilikuambia." Baba Pacha alisema bila hasira. "Siku ile ile ya kwanza. Nilikaa hapa, nikaanza. Ukasema, 'Baba Pacha, usiniletee nyoka mezani, nina usingizi.'"

Alikumbuka. Alikumbuka hata sahani aliyokuwa anaiondoa.

"Nikimjua aliyenichoma..." Baba Pacha alisema, akaacha hapo. Kesho kabla ya saa nne ilimpasa amuue nyoka kwa mkono wake mwenyewe, au arudishe funguo.

Mama Pacha alisimama. Maneno yote mawili matatu ya kukiri yalikuwa yamejaa mdomoni, yakashindwa kutoka, yakatoka mengine. "Hutamuua," alisema. "Tutamhamisha. Una nini wewe, mbona umekaa kama umefiwa? Kesho saa moja unisubiri bwawani."

Asubuhi alipitia bandani kwanza, akapaa samaki wa mteja mmoja asiyengoja, kisha akaenda na tenga lake lenye kifuniko. Mikono hakunawa. Kwa kawaida hilo lilikuwa jambo lisilowezekana. Tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, wifi yake aliposema kwa mzaha kwamba kaka yake ameoa kambare, Mama Pacha hakumgusa mumewe kabla ya kujisugua kwa ndimu na majivu mpaka ngozi iwake. Asubuhi hiyo hakukuwa na ndimu wala muda.

Tawi lilikuwa tupu. Baba Pacha alikuwa amepiga magoti kwenye mawe ya mlango wa maji, jasho linamtiririka.

"Yumo humu ndani ya mawe. Anataka kujivua gamba, haoni vizuri, amejificha. Nimemwita, nimepiga maji, hatoki."

"Si mnaongea kila siku?" Ilimtoka hivyo, na wivu wake wote ndani yake. "Mwambie atoke."

Baba Pacha hakushangaa hata amejuaje. Alikuwa na mawazo mengine. "Hanijui huyu, Mama Pacha. Nyoka hamjui mtu. Anajua jua, anajua samaki. Mimi kwake ni kisiki kinachotoa sauti."

Mama Pacha alimtazama. Siku zote hizo anaongea, kumbe yeye ni kisiki tu! Alipandisha kanga, akapiga magoti kando ya mumewe, akauingiza mkono wake wa kulia majini, mkono ule ule wenye magamba kwenye kucha na utumbo wa perege kwenye mikunjo, akautuliza mbele ya mawe.

Maji yalitulia. Kisha ulimi ukatokea kwenye ufa, mweusi, umegawanyika, ukionja maji. Ukarudi ndani. Ukatoka tena, na nyuma yake kichwa, macho ya ukungu, polepole, moja kwa moja mpaka kwenye vidole vya Mama Pacha. Hakugeukia upande wa Baba Pacha hata kidogo.

"Kakufuata wewe," Baba Pacha alinong'ona. Mama Pacha alimtupia jicho, na hakukosea, anamjua mumewe: usoni mwake kulikuwa na wivu. Mdogo, wa kitoto, lakini wivu. Akaona utamu wa ajabu kifuani.

Nyoka akamuuma.

"Usivute!" Baba Pacha alipaza sauti. "Meno yameelekea nyuma, utajichana! Tulia!"

Alitulia. Mwanamke aliyechomwa na miiba ya samaki maisha yake yote hawezi kulia kwa meno ya nyoka. Alimwacha auvute mkono kama anavyovuta samaki, mpaka mwili mzima mzito ukatoka kwenye mawe, kisha kwa mkono wa kushoto akamkamata nyuma ya kichwa, imara bila kumbana, kama anavyokamata kambare aliye hai. Nyoka alijizungusha kwenye mkono wake, akamwagia kanga nzima ile harufu. Sasa na yeye alinuka kama lile shati.

Walimtia ndani ya tenga, wakafunga kifuniko. Walitembea mpaka chini ya banda la samaki, kwenye kinamasi ambako maji ya kuoshea samaki huishia na hakuna anayefika, maana panaota matete na pananuka. Baba Pacha alifungua. Nyoka alitoka taratibu, akaonja hewa, akateleza ndani ya maji, na matete yakatikisika mpaka mbali.

Damu ilikuwa bado inamtoka Mama Pacha, nyembamba, inafuata vidole na kudondoka.

"Usiogope," alisema Baba Pacha. "Si sumu. Mate yake yanazuia damu isigande haraka, ndivyo alivyo." Alichana mkono wa shati lake, akaushika ule mkono mchafu bila kuutazama mara mbili, akaanza kuufunga. Alifunga kwa upole mkubwa. Miaka mingapi? Mama Pacha alitamani kitambaa kingekuwa kirefu zaidi. Na kwa sababu alitamani hivyo, alishindwa kuendelea kunyamaza.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini?"

"Niliyekuchoma kwa Mwenyekiti. Nilikuwa nakuja nyuma ya banda la pumba. Nilisikia habari ya mtoto." "Umemwambia nyoka kabla yangu, Baba Pacha. Mjukuu wangu mimi, umemwambia nyoka."

Mikono ya Baba Pacha ilisimama. Kisha ikamaliza fundo, ikalikaza vizuri.

"Jumapili," alisema. "Miezi mitatu inatimia Jumapili. Nilikuwa nahesabu siku."

Akauachia mkono, akapanda njia kurudi kwenye mabwawa, shati lake halina mkono mmoja.

Ilikuwa saa tatu. Mama Pacha alijifuta machozi kwa kanga inayonuka nyoka, akaenda kwa wavuvi wa mtoni akachukua samaki mkunga, yule mrefu kama mkanda. Alimweka kwenye ubao wake. Akakata kichwa, akaondoa mapezi yote, akachuna ngozi kwa mkono mmoja mzima na mmoja uliofungwa, kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya, kisha akamkunja ndani ya ndoo. Saa nne kamili aliiweka ndoo juu ya meza ya Mwenyekiti.

Miguu ya Mwenyekiti ilipanda kitini. "Toa! Toa! Mbona hana ngozi?"

"Tumeichoma, mwenzake asije akafuata harufu."

"Ana mwenzake?"

"Hapana. Alikuwa mjane." Mama Pacha aliinua mkono wake, kitambaa kimelowa damu. "Kaniuma mimi. Baba Pacha ndiye aliyemmaliza. Umwachie funguo zake."

Mwenyekiti alitazama ule mkono, akawa wa kijivu, akasema Baba Pacha ni shujaa, na ndoo itoke.

Funguo zilibaki. Maneno hayakubaki. Kutoka tisa yalishuka mpaka hakuna. Hata chumvi Baba Pacha alijichukulia mwenyewe. Jumapili aliingia na simu, akaiweka mapajani mwa mkewe, sauti ya binti yao ikiita "Mama? Mama?", naye akatoka nje. Mama Pacha alilia kwa furaha ya kweli, akajifanya hajui chochote, na hakumwambia Bi Karai mpaka binti mwenyewe aliporuhusu. Bi Karai alidhani anaumwa.

Kidonda kilikauka. Vikabaki vitobo vidogo vidogo juu ya kiganja, vimejipanga kama vya mumewe.

Kila mchana, baada ya kazi, alishuka mpaka kwenye kinamasi na mikono yake hivyo hivyo, akakaa kwenye ndoo. Siku nyingi hakuona kitu. Kisha mchana mmoja, joto likiwa limeanza kupungua, maji ya kando yalikuwa yamejaa nyuzi zinazotembea. Alidhani ni minyoo. Aliinama. Walikuwa nyoka, wembamba kama kamba za viatu, mistari yao imekolea kana kwamba imechorwa asubuhi hiyo, kila mmoja peke yake.

Hakumwambia mtu. Siku tatu nzima aliwaweka kifuani, akiosha vyombo anawafikiria, akilala anawafikiria, wake peke yake, na hapo akaelewa jinsi inavyoweza kuwa tamu, na jinsi mtu anavyoweza kukaa mezani nayo asiitoe.

Siku ya nne jioni Baba Pacha alikuwa kwenye benchi la uani anashona wavu. Mama Pacha alitoka bandani, akasimama mbele yake. Hakuwa amepita kwenye ndimu.

"Wamezaliwa," alisema.

Sindano ya wavu iliingia, ikatoka.

"Niliwahesabu saba, wengine wamo kwenye matete. Mama yao sikumwona." "Kuna mmoja ana samaki mdogo, amemkamata mkiani. Anamng'ang'ania tu. Nimekaa nimemtazama mpaka nimechoka, samaki haingii."

Sindano iliingia. Haikutoka. Baba Pacha aliukagua ule uzi kwa muda mrefu.

"Kichwa kwanza," alisema.

"Ndivyo nilivyomwambia."

Baba Pacha aliuvuta wavu wote upande wake, rundo zima likaanguka miguuni pake, na nusu ya benchi ikabaki tupu.